Wanapima nyasi, hawapimi haki

Tarehe 11 Desemba 2024 wakuu wa mashirikisho ya soka, wawakilishi wa wanachama 211 wa FIFA, walikutana kwa njia ya mtandao kuamua nani awe mwenyeji wa Kombe la Dunia la 2030 na la 2034. Hapakuwa na karatasi za kura wala hesabu ya majina. Waliombwa wapige makofi mbele ya kamera zao, wakapiga, na Saudi Arabia ikawa imepata mashindano ya 2034. Mpinzani hakuwepo. FIFA ilifungua maombi mwanzoni mwa Oktoba 2023, ikasema safari hii ni zamu ya Asia na Oceania, kisha ikataka wanaotaka uenyeji wajitokeze kabla mwezi huo haujaisha. Australia ilikuwa ikilitazama jambo hilo, lakini siku ya mwisho ikajitoa.

Norway ilipinga hadharani uamuzi mzito kama ule kupitishwa kwa makofi. Afrika, yenye mashirikisho 54 ndani ya FIFA, zaidi ya robo ya wanachama wote, ilikuwa na sababu kubwa kuliko Norway ya kuuliza maswali siku ile.

Sababu yenyewe ni watu wetu. Machi 2025 gazeti la New York Times liliripoti kwamba Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walikuwa wamefariki Saudi Arabia katika kipindi cha miaka mitano. Hawa ni watu walioondoka kwao wakiwa na nguvu zao, kwa sababu anayepelekwa kazini Ghuba hutakiwa kupimwa afya kwanza. Miezi miwili baadaye Amnesty International ilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Kenya wanaofanya kazi za ndani nchini humo, ikiwa imezungumza na zaidi ya 70 kati yao. Walieleza siku za kazi za saa 16 na zaidi, bila mapumziko ya wiki, pasipoti zikiwa kabatini kwa mwajiri. Uganda nayo ina mabinti wake katika nyumba hizohizo.

Anayejua mfumo wa kafala hashangai. Wakala wa Nairobi au Kampala humtafutia msichana kazi, mara nyingi kwa ahadi ya mshahara ambao hatauona. Akifika, ukaazi wake wote unamtegemea kafili, yule aliyemdhamini. Kafili ndiye anayeshughulikia iqama yake, yaani kibali cha kuishi nchini, na ndiye anayeweza kwenda kuripoti kwamba mfanyakazi ametoroka. Akisharipotiwa hivyo, aliyekimbia kipigo au kudai mshahara wa miezi minne ndiye anayegeuka mhalifu wa kukamatwa. Sheria ya kazi ya Saudi Arabia haiwahusu wafanyakazi wa ndani. Wao wana kanuni zao za pembeni, dhaifu zaidi. Vyama vya wafanyakazi vimepigwa marufuku, kwa hiyo hata aliye kiwandani au kwenye mjengo hana mahali pa kupeleka lalamiko pamoja na wenzake.

Mtu atauliza, mpira unahusianaje na mfanyakazi wa ndani? Unahusiana kwa sababu Kombe la Dunia la siku hizi si dakika 90 za uwanjani. Ni timu 48 na mechi 104. Ombi la Saudi Arabia linataja viwanja 15, vingi vikiwa bado vya kujengwa, katika miji mitano, mmoja wao ukiwa Neom ambao wenyewe ungali ukijengwa jangwani. Kutakuwa na hoteli, barabara, reli na viwanja vya ndege. Wananchi wa Saudi Arabia si watakaobeba zege saa saba mchana wa Julai, si watakaokesha getini wakilinda, wala si watakaotandika vitanda vya wageni. Watakaofanya hayo watatoka Nepal, Bangladesh, India, Pakistani, na watatoka pia Kakamega, Mombasa, Jinja na Mbale.

Haya si ya kubahatisha, kwa kuwa tumeshayaona Qatar. FIFA iliipa Qatar Kombe la 2022 tarehe 2 Desemba 2010 mjini Zurich, kwa kura 14 dhidi ya 8 za Marekani katika duru ya mwisho. Siku ile hakuna sharti hata moja la haki za wafanyakazi lililowekwa mezani. Kilichofuata ni miaka kumi ya watu kufa huku dunia ikibishana kuhusu idadi yao. Februari 2021 gazeti la The Guardian lilihesabu vifo zaidi ya 6,500 vya wafanyakazi kutoka nchi tano za Asia Kusini tangu uamuzi wa Zurich, katika kazi za kila aina. Kenya haikuwa katika hesabu hiyo. Novemba 2022, mkuu wa kamati ya maandalizi, Hassan Al-Thawadi, alisema katika mahojiano kwamba waliokufa katika kazi zilizohusiana na mashindano ni kati ya 400 na 500. Takwimu hizo mbili hazihesabu kitu kimoja, na ukweli kamili ni vigumu kuujua kwa sababu vifo vingi viliandikwa kuwa vya kawaida au vya moyo kusimama, bila uchunguzi wa mwili. Serikali isiyochunguza kifo haina haja ya kulipa fidia.

Sisi wa huku tulikuwa na watu wetu pale, hasa katika kazi ya ulinzi. Mwaka 2021 mlinzi mmoja Mkenya aliyekuwa akiandika mtandaoni, kwa jina la kubuni, kuhusu msongamano wa makazi ya wafanyakazi na haki zao alichukuliwa na vyombo vya usalama, akafungiwa peke yake kwa wiki kadhaa, kisha akatozwa faini ya riyali 25,000. Mshahara wa kima cha chini uliokuwa umeanza kutumika Machi mwaka huohuo ulikuwa riyali 1,000 kwa mwezi. Kwa maneno mengine, kuandika ukweli kuhusu chumba chake kulimgharimu mlinzi huyo mishahara 25 ya kima cha chini.

Mwingine aliaga dunia mashindano yenyewe yakiendelea. Ilikuwa Desemba 2022, katika Uwanja wa Lusail, ambako Argentina na Uholanzi zilikuwa zimemaliza robo fainali yao ya kusisimua kwa penalti. Mlinzi kijana kutoka Kenya alianguka kutoka ghorofa ya juu ya uwanja akiwa zamuni, akakimbizwa hospitali, na siku chache baadaye akafariki. Waandaaji walikiri kifo hicho na kusema kitachunguzwa. Tarehe 18 Desemba, katika uwanja huohuo, Lionel Messi aliinua kombe. Afrika Mashariki nzima ilikuwa macho usiku ule, na naamini wengi walioshangilia hawakujua kwamba mwenzao alikuwa ameaga dunia kwa kazi ya kuulinda uwanja ule.

Wapo wanaosema Qatar ilibadilika kwa sababu ya mashindano, kwa hiyo tuyapeleke popote na mabadiliko yatafuata. Ni kweli Qatar ilibadilika. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilifungua ofisi Doha mwaka 2018. Mwaka 2020 sheria iliyomlazimu mfanyakazi kupata ruhusa ya mwajiri ili ahamie kazi nyingine iliondolewa, na kima cha chini kikawekwa kwa wote, wakiwemo wafanyakazi wa ndani. Hayo nayaheshimu. Lakini angalia tarehe. Kibali cha uenyeji kilitolewa 2010, sheria zikaja 2020. Viwanja vingi vilikuwa vimeshasimama au vikikaribia kukamilika. Waliokufa 2013 na 2015 hawakuonja matunda ya sheria hizo, na familia zao zilipodai fidia zilikuta mlango umefungwa. Mei 2022 Amnesty na mashirika mengine waliitaka FIFA itenge dola milioni 440 kwa ajili ya wafanyakazi walioumia, kiasi sawa na zawadi za timu za mashindano yale. FIFA ilijiingizia zaidi ya dola bilioni 7 katika miaka minne iliyoishia na kombe hilo. Mfuko iliouunda hatimaye, Novemba 2024, ni wa dola milioni 50, na haukwenda kwa wajane wa wafanyakazi. Ulielekezwa kwenye miradi ya Shirika la Afya Duniani, Shirika la Biashara Duniani na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Miradi hiyo huenda ni mizuri, lakini deni lilikuwa la watu wengine.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mwenye mashindano ana nguvu ya kumwekea mwenyeji masharti kabla ya kumpa. Akishampa, kinachobaki ni kubembeleza. Nchi ikishasaini, ikishaanza kuchimba misingi ya viwanja, haki za televisheni zikishauzwa, FIFA yenyewe inakuwa mateka wa ratiba yake. Ndiyo maana yale makofi ya Desemba 2024 yananikera kuliko hata kafala. Kafala ni sheria ya nchi nyingine ambayo mimi sina kura ndani yake. Kura ya FIFA tunayo, nasi tuliitupa.

Na si kwamba FIFA haikuwa na miongozo. Profesa John Ruggie wa Harvard, aliyeandika kanuni za Umoja wa Mataifa za biashara na haki za binadamu, aliandikia FIFA ripoti mwaka 2016. Mwaka uliofuata FIFA ilichapisha sera yake ya haki za binadamu, na katiba yake sasa inaitaka iheshimu haki hizo. Kwenye karatasi kila kitu kipo. Lakini ripoti ya FIFA kuhusu ombi la Saudi Arabia ililipa alama 419.8 kati ya 500, na kuhusu haki za binadamu ikasema hatari ni ya wastani. Tathmini ya haki iliyoambatanishwa ilifanywa na kampuni ya mawakili ya Riyadh, katika mipaka iliyokubaliwa na waombaji wenyewe, na mashirika 11, yakiwemo ya haki za binadamu na ya wafanyakazi, yaliikosoa kwa mambo mazito iliyoyaruka. Nchi iliyowaua watu zaidi ya 300 kwa hukumu ya kifo katika mwaka uleule wa uamuzi, na isiyoruhusu chama cha wafanyakazi, ikapewa cheti cha wastani.

Wengine husema michezo isichanganywe na siasa. Neno hilo likitoka kwa Mwafrika linanisikitisha, kwa sababu sisi ndio tulioifundisha dunia kinyume chake. Kombe la kwanza la Mataifa ya Afrika, Khartoum mwaka 1957, lilichezwa na nchi tatu tu, Sudan, Misri na Ethiopia. Afrika Kusini iliachwa nje kwa sababu haikukubali kupeleka timu ya watu wa rangi zote. FIFA ilichukua karibu miaka 20 kufikia pale Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilipoanzia. Iliifukuza Afrika Kusini moja kwa moja mwaka 1976.

Mwaka huohuo wa 1976 ndio wa Michezo ya Olimpiki ya Montreal. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, wakati watoto wa Soweto wakipigwa risasi. Kamati ya Olimpiki ikakataa kuiadhibu New Zealand, na zaidi ya nchi 20, karibu zote za Kiafrika, zikasusia michezo, Tanzania ikiwa mstari wa mbele. Bei ya msimamo ule ilikuwa na sura ya mtu. Filbert Bayi alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 mjini Christchurch, dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho na kumwacha nyuma John Walker wa New Zealand mbele ya watu wake. Dunia nzima ilikuwa ikisubiri warudiane Montreal. Bayi hakukimbia. Walker akachukua dhahabu. Mike Boit wa Kenya naye, mmoja wa wakimbiaji bora wa mita 800 wa wakati wake, alibaki nje. Hao walitoa kitu ambacho mwanamichezo hawezi kurudishiwa, ili mtu mweusi wa Johannesburg ahesabiwe kuwa mtu.

Matunda yake tuliyaona. Mwaka 1996 Afrika Kusini iliyo huru iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika na kulitwaa, Nelson Mandela akiwa uwanjani. Ni vizuri kukumbuka kwamba mashindano yale awali yalikuwa ya Kenya. CAF iliyahamisha kwa sababu Kenya haikuwa tayari. Ikafanya hivyo tena Septemba 2017, ilipoinyang'anya Kenya mashindano ya CHAN ya 2018, viwanja vikiwa havijakamilika, na baadaye kuyapeleka Morocco.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba mashindano yakishatolewa hayanyang'anyiki. FIFA nayo iliiondolea Indonesia Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 20 Machi 2023, wiki chache kabla ya kuanza. Uwezo upo, na wakaguzi wapo. Wanakuja na orodha yao, wanatembea juu ya nyasi, wanapima mwanga wa taa, wanahesabu viti, wanafungua vyumba vya kubadilishia nguo, na uwanja ukikosa kitu unafungiwa. Mkaguzi huyohuyo hapiti kwenye kambi ya vibarua. Haulizi walilipwa lini mara ya mwisho, nani ameshika pasipoti zao, wangapi wameanguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi na nani amewatibu. Ninachotaka ni maswali hayo yaingie kwenye orodha ileile, yakiwa na adhabu ileile.

Nasikia tayari jibu kwamba huu ni wimbo wa Wazungu dhidi ya Waarabu, na kwamba hakuna nchi iliyo safi. Sehemu ya jibu hilo ina ukweli. Urusi iliachiwa iandae Kombe la 2018, miaka minne baada ya kuitwaa Crimea, na wakubwa wa Ulaya walikwenda kukaa jukwaani. Kombe la 2026 lilipewa Marekani, Canada na Mexico, na Juni 2025 Marekani ikatangaza zuio la kuingia kwa raia wa nchi kadhaa, zikiwemo Iran na Haiti ambazo timu zao zimefuzu. Wachezaji waliachiwa mlango, mashabiki hawakuachiwa. Mwenyeji anayewafungia nje wananchi wa timu alizozialika naye anastahili kuulizwa, hata akiwa tajiri na mkubwa kiasi gani. Lakini kosa la Marekani halimpunguzii mzigo mama wa Kiambu anayesubiri jeneza uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Malalamiko haya ni ya kwake kabla hayajawa ya London au Oslo. Swali halihusu usafi wa nchi. Linahusu kama mfanyakazi anaweza kushitaki akashinda, kama mwandishi anaweza kuandika akalala nyumbani kwake, na kama familia ya aliyekufa italipwa.

Kipimo hicho, tukikitaka kwa wengine, hatuna budi kukikubali kwetu. Septemba 2023 CAF ilizipa Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, la 2027, kwa ombi lililoitwa Pamoja. Nililifurahia kama kila mpenda mpira wa ukanda huu, na bado nalitamani. Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mashindano haya yanaweza kweli kumponya muuza chai, dereva wa bodaboda na mwenye nyumba ya wageni wa Arusha au Hoima. Ila tangu siku ile watu wameuawa katika maandamano ya Kenya ya 2024 na 2025, na katika machafuko yaliyoambatana na uchaguzi wa Tanzania wa 29 Oktoba 2025, intaneti ikiwa imezimwa. Novemba 2024 mwanasiasa wa Uganda Kizza Besigye alitekwa Nairobi na kuibukia mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Hayo yamefanyika katika nchi hizi hizi tatu zitakazopokea wageni kwa pamoja.

Arusha, ambako uwanja mpya ulianza kujengwa kwa ajili ya AFCON, ndiko yaliko makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kufungua kesi moja kwa moja katika mahakama hiyo. Mwananchi wa Ngaramtoni anaweza kuitembelea kwa daladala, lakini hawezi kupeleka shauri lake dhidi ya serikali. Kama CAF ingekuwa na masharti ya haki kwa wenyeji, kurudisha tamko hilo lingekuwa sharti la kwanza ambalo ningeliandika, kwa sababu halihitaji fedha wala mkandarasi. Linahitaji barua moja.

Mengine nayo si magumu. Mikataba ya ujenzi wa viwanja vya AFCON na orodha ya ajali za kazini vichapishwe. Waliohamishwa kupisha miradi walipwe kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Serikali tatu zijifunge kwa maandishi kwamba intaneti haitazimwa, waandishi hawatazuiwa, na risasi za moto hazitatumika dhidi ya mikusanyiko. Mfuko wa fidia uwepo tangu siku ya kusaini, ukitolewa katika mapato ya mashindano, ili anayeumia asisubiri huruma ya mtu. Na mkataba useme wazi kwamba mwenyeji akivunja masharti haya ananyang'anywa, kama anavyonyang'anywa kwa taa mbovu. Hili la mwisho lina historia yake: Argentina ilipewa Kombe la 1978 mwaka 1966, wanajeshi wakapindua serikali Machi 1976, na mashindano yakachezwa huku watu wakiteswa katika shule ya jeshi la majini jirani na Uwanja wa Monumental, karibu kiasi cha kusikia kelele za magoli. Hakuna kifungu chochote kilichompa mtu nafasi ya kusema hapana.

Tuna mashirikisho matatu yanayotuhusu kwa karibu: TFF ya Tanzania, FKF ya Kenya na FUFA ya Uganda. Viongozi wake huomba fedha zetu, uzalendo wetu na sauti zetu uwanjani. Tuna haki ya kuwauliza walifanya nini mbele ya kamera tarehe 11 Desemba 2024, nani aliwaagiza, na watafanya nini uamuzi kama huo ukija tena. Wadau wa soka waliulize hilo katika mikutano mikuu yao, na wabunge wa Dodoma, Nairobi na Kampala waliulize katika kamati zao za michezo na za kazi. Mashirikisho 54 yakisema kwa sauti moja kwamba hayatamuunga mkono mwenyeji asiyemruhusu mfanyakazi wa Kiafrika kushika pasipoti yake, FIFA itasikia, kwa sababu hakuna rais wa FIFA anayechaguliwa kwa raha bila Afrika. Mwaka 1976 tulikuwa na nchi changa, fedha kidogo na wanariadha wachache wa kiwango cha dunia, na bado tulisimama. Leo tuna kura nyingi kuliko wakati wowote, na wanaokufa ni ndugu zetu wenyewe. Hatuna kisingizio cha kupiga makofi tena.